Ger katika magombo ya Qumran: wa nne kambini, marufuku hekaluni

Swali la msomaji: "Katika Hati ya Dameski, andiko la kanuni za jumuiya ya Kiyahudi ya kale, nimesoma kwamba watu wa kambini wanaandikwa kwa majina: makuhani, Walawi, Waisraeli, kisha mgeni, wa nne. Lakini andiko jingine la mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, lile la 4Q174, linasema mgeni hataingia katika nyumba ya Mungu milele, na limemtia kundi moja na Mwamoni, Mmoabi na mwana wa haramu. Je, watu hawa walijipinga wenyewe? Na huyo mgeni ni nani hasa: jirani wa Mataifa aliyekaa kwao, au mtu aliyeongokea dini yao?"

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu la kwanza halijibiki kabla yake.

Mtu tunayemzungumzia anaitwa ger kwa Kiebrania, nami nitalitumia jina hilo ili tusimchanganye na mpita njia. Ger wa Torati ni mtu aliyehama kwao akaishi katikati ya Israeli, hana shamba la urithi wala ukoo wa kumtetea. Ndiyo maana hutajwa pamoja na mjane na yatima. Hakulazimika kutahiriwa, ila akitaka kula Pasaka, Kutoka 12:48 inadai atahiriwe yeye na wanaume wote wa nyumba yake, kisha ahesabiwe sawa na mzalia wa nchi. Wala sheria zote hazimtazami kwa jicho moja. Kumbukumbu la Torati 14:21 inaruhusu apewe nyamafu ale, ilhali Mambo ya Walawi 17:15 inamhesabu kuwa najisi akiila, sawasawa na mzalia. Waandishi wa Qumran, basi, walirithi mtu ambaye hadhi yake ilikuwa na utata tangu zamani.

Kufikia karne ya 2 na ya 1 KK, ger anayetajwa katika maandiko ya Kiyahudi ni zaidi na zaidi mtu wa Mataifa aliyeingia katika dini ya Israeli. Je, ndivyo alivyo pia katika Hati ya Dameski? Nasema ndivyo, na ushahidi wangu ni jinsi hati hiyo inavyowashughulikia watu wa Mataifa wasioongoka. Hao inawaita kwa majina mengine, na sheria zake juu yao ni kali. Usimtume mtu wa kabila la kigeni akakufanyie shughuli zako siku ya Sabato. Usiipitishe Sabato mahali palipo karibu na watu wa Mataifa. Usiwauzie mnyama wala ndege aliye safi, wasije wakamtoa sadaka kwa miungu yao. Usiwauzie nafaka ya ghalani mwako wala divai ya shinikizo lako. Ni kweli, hati hiyohiyo inakataza kumwaga damu ya mtu wa Mataifa kwa tamaa ya mali, lakini hapo ndipo ukarimu unapoishia. Sasa mtu ambaye hupaswi hata kuwa karibu naye siku ya Sabato atawezaje kuketi nawe katika kikao cha kambi na jina lake likaandikwa chini ya lako? Haiwezekani. Ger wa kambini ameshavuka mstari huo. Ni mwongofu.

Wako waliojaribu njia nyingine, wakisema ger hapa ni Myahudi wa kawaida anayejiunga na kundi, bado yumo katika majaribio. Mimi siioni. Hati inawajua vizuri wanaojiunga: safu (yaani ukurasa) ya 13 inamtaka msimamizi wa kambi ampime kila anayekuja, matendo yake, akili yake, nguvu zake na mali yake, kisha ampange mahali pake, safu ya 15 inaeleza kiapo chake. Anayekuja akiwa Mwisraeli huingia katika daraja la Israeli. Hakuna sababu ya kumtengea daraja la nne.

Hebu sasa tukitazame kikao chenyewe, kilicho katika safu ya 14, mstari wa 3 hadi wa 6. Watu wote wa kambi wakaguliwe kwa majina yao: makuhani kwanza, Walawi wa pili, wana wa Israeli wa tatu, na ger wa nne. Kisha waandikwe kwa majina, kila mtu nyuma ya ndugu yake, na orodha inarudiwa yote tena, kuhani hadi ger. Halafu linakuja jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: hivyo ndivyo watakavyoketi, na hivyo ndivyo watakavyouliza juu ya kila jambo. Kwa hiyo ger ana jina katika daftari, ana mahali pa kuketi, na zamu ya kusema inamfikia. Tena yumo ndani ya maneno "kila mtu nyuma ya ndugu yake". Kwa jumuiya iliyojifungia namna ile, hicho si kidogo.

Ila usiishie hapo ukamtangaza kuwa ndugu kamili. Rudi safu ya 6, mstari wa 20 na 21, penye wajibu wa walioingia katika agano: kila mtu ampende ndugu yake kama nafsi yake, na kuutia nguvu mkono wa maskini, mhitaji na ger. Nusu ya kwanza imetoka Mambo ya Walawi 19:18. Nusu ya pili ina mwangwi wa Ezekieli 16:49, anaposema Sodoma haikuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Ger ameongezwa hapo na mwandishi wetu. Ajabu ni kwamba sura ileile ya 19 ya Walawi, katika mstari wa 34, inaamuru waziwazi kumpenda ger kama nafsi yako. Mwandishi huyu aliijua Torati kama kiganja chake, lakini amri hiyo hakuitumia. Upendo ameupeleka kwa ndugu, na ger akampa msaada. Katika hati moja, basi, ger ana kiti kikaoni, na papo hapo amewekwa upande wa wanaosaidiwa. Lakini ukienda kwenye mfuko wa pamoja katika safu ya 14, ambao kila mtu huuchangia walau ujira wa siku mbili kwa mwezi, utakuta maskini, mzee aliyeinama, aliyetekwa na taifa la kigeni na msichana asiye na wa kumkomboa. Katika sehemu ya maandishi iliyosalia, ger hayumo katika orodha hiyo.

Neno moja juu ya hati yenyewe, maana ina historia ya pekee. Ilijulikana kabla ya mapango. Solomon Schechter alikuta nakala zake mbili za zama za kati katika maandishi yaliyotoka geniza, yaani ghala la maandishi yaliyochakaa, ya sinagogi la Ben Ezra huko Kairo, akazichapisha mwaka 1910. Mapango ya Qumran yalipofunguliwa kuanzia 1947, yalitoa vipande vya nakala kumi zaidi, nane kati yake kutoka pango la 4, na ile ya zamani kuliko zote ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 1 KK. Ilikuwa hati iliyonakiliwa sana na watu waliohifadhi magombo yale, na hatuwezi kuiweka kando kama sauti ya watu wengine.

Sasa fungua Kanuni ya Jumuiya, lile gombo maarufu la pango la 1. Safu ya 2 ina kikao kama kile, karibu neno kwa neno: makuhani hupita kwanza kwa daraja zao, Walawi nyuma yao, watu wote wa tatu. Wa nne hayupo. Na safu ya 6, inapoeleza jinsi mtu anavyopokelewa, husema juu ya kila anayejitolea "kutoka Israeli". Ger hakufukuzwa kwa amri yoyote. Mlango wenyewe ulijengwa bila kumfikiria. Sababu naiona katika safu ya 8, ambako baraza la jumuiya linaitwa nyumba takatifu kwa ajili ya Israeli na patakatifu pa patakatifu kwa ajili ya Haruni. Watu hawa wamejifanya hekalu. Wa Hati ya Dameski walikaa makambini na wake, watoto, watumwa na mashamba, wakitafuta namna ya kuishi Torati mjini na kijijini. Torati ya mjini na kijijini ina ger ndani yake kila upande, na huwezi kuitimiza bila kumpa mahali. Hekalu lina masharti mengine.

Hapo ndipo tunapokutana na 4Q174. (Namba hizi hazina siri: ni andiko la 174 katika yale ya pango la 4.) Ni mkusanyiko wa mafungu ya Maandiko pamoja na maelezo yake, na kipande chako kinaanzia 2 Samweli 7, ahadi ya Mungu kuwapa watu wake mahali, kikiunganishwa na Kutoka 15, patakatifu palipowekwa imara kwa mikono ya Bwana. Mwandishi anasema hii ndiyo nyumba ya siku za mwisho, na ndani yake hawataingia milele Mwamoni, Mmoabi, mwana wa haramu, mtu wa kabila la kigeni na ger, "kwa kuwa watakatifu wake wamo humo". Watakatifu hao ni malaika.

Ukiipima orodha hiyo kwa Torati utaona kilichofanyika. Mwamoni, Mmoabi na mwana wa haramu wametoka Kumbukumbu la Torati 23. Mtu wa kabila la kigeni ametoka Ezekieli 44:9. Ger hakutoka kokote. Hakuna fungu la Torati wala la Ezekieli linalomzuia asiingie patakatifu; kinyume chake, Hesabu 15 inamruhusu kutoa sadaka kwa sheria ileile ya mzalia, na Ezekieli 47 inampa hata urithi wa ardhi kati ya makabila. Mwandishi wa 4Q174 amemwongeza kwa mkono wake mwenyewe. Joseph Baumgarten alilitia mkazo jambo hili mwaka 1972, na ijapokuwa sehemu nyingine za hoja yake zimebishaniwa, hili limesimama: waliofungiwa mlango hapa ni pamoja na waongofu.

Linganisha na hekalu lililokuwa limesimama Yerusalemu. Kulikuwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya Kigiriki yakimwonya mtu wa taifa jingine asiuvuke, la sivyo atajiletea kifo mwenyewe. Jiwe moja kamili lilipatikana mwaka 1871 na sasa limo Istanbul. Paulo alikamatwa kwa shutuma hiyohiyo, kwamba amempitisha Trofimo wa Efeso (Matendo 21). Lakini mstari huo ulipita kati ya Mtaifa na Myahudi, na mwongofu alihesabiwa upande wa ndani. 4Q174 inausogeza mstari hadi ukamkata yeye pia.

Kwa nini? Andiko lenyewe linatoa sababu moja tu, malaika, na inatusaidia kuliko inavyoonekana. Hati ya Dameski nayo ina orodha ya wasioweza kuingia kwa ajili ya malaika, mwishoni mwa safu ya 15: mpumbavu, mwenye wazimu, kipofu, kiwete, kiziwi, mtoto mdogo, "kwa kuwa malaika watakatifu wamo kati yao". Orodha hiyo ni ya miili na akili. Ger hayumo. Sababu moja, orodha mbili, na ger yumo katika moja tu. Wote waliamini kwamba malaika hawachangamani na upungufu. Walitofautiana kuhusu upungufu ni nini. Kwa kambi, asili ya kigeni iliyofunikwa na agano haikuwa kilema. Kwa mwandishi wa 4Q174, damu haibadiliki hata siku za mwisho.

Fikra hiyo ya damu haikuzuka hewani. Kitabu cha Yubile, kilichopendwa sana Qumran na kupatikana huko kwa nakala zaidi ya kumi, kinasisitiza katika sura ya 15 kwamba tohara ni ya siku ya nane, na asiyetahiriwa siku hiyo si wa wana wa agano. Mtu aliyetahiriwa akiwa na miaka thelathini afanye nini na sheria hiyo? Tena zama hizo Yohane Hirkano (134–104 KK) alikuwa amewateka Waedomi akawaruhusu wabaki nchini kwao kwa sharti la kutahiriwa na kushika sheria za Kiyahudi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, ndiye anayetusimulia. Katika uzao wao akatokea Herode, akawa mfalme wa Wayahudi na mjenzi wa hekalu. 4Q174 imeandikwa kwa hati za mkono za zama za Herode. Sitasema mwandishi alimlenga yeye, maana hakumtaja. Lakini mtu aliyechukizwa na tohara ya upanga alikuwa na sababu za kutosha za kutoiamini tohara yoyote ya mtu mzima.

Kisha tazama wakati, kwa sababu hapo ndipo jibu la "walijipinga?" linapokaa. Kanuni za kambi zinajitaja zenyewe kuwa ni za zama za uovu, mpaka atakapoinuka masihi wa Haruni na Israeli. Nyumba ya 4Q174 ni ya siku za mwisho. Mtu mmoja angeweza kuyasoma yote mawili jioni moja bila kuona mgongano: leo ger ameandikwa wa nne, kesho katika nyumba ya Mungu hatakuwemo. Kimantiki hakuna kujipinga. Kwa ger mwenyewe, aliyeacha baba na mama na miungu ya kwao, naona ni ukatili wa kipekee, na sidhani kuna haja ya kuupamba.

Hata hivyo nisingependa uandike kwamba "jumuiya" iliamini hivyo. Sauti zilikuwa nyingi. Gombo la Hekalu, lenye urefu wa mita nane hivi na lililochapishwa na Yigael Yadin mwaka 1977, linaeleza hekalu lenye nyua tatu. Safu ya 40, ijapokuwa imetobokatoboka, inawataja mabinti na ger pamoja na ua wa nje. Yumo, lakini mbali. Kipande cha 4Q279 kinagawa kura nne, ya kwanza kwa makuhani wana wa Haruni na ya nne kwa ger, mpangilio uleule wa kambi. Na ufafanuzi wa Nahumu kutoka pango la 4 unawalaumu wapotoshaji wa "Efraimu", ambao wanazuoni wengi huwatambua kuwa Mafarisayo, kwa kuwapoteza wafalme, wakuu, makuhani na watu pamoja na ger aliyejiunga nao. Hapo ger ni mtu halisi mwenye kupotoshwa, mwathirika wa ushindani wa dini, na mtu hukumbuka maneno ya Mathayo 23:15 juu ya Mafarisayo kuzunguka bahari na nchi kavu kumtafuta mwongofu mmoja.

Wala usidhani ugumu huu ni wa Qumran tu. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokusanywa karibu mwaka 200 BK na warithi wa Mafarisayo haohao, inahesabu koo kumi zilizopanda kutoka Babeli, na waongofu wana namba yao humo, mbali na Israeli. Mwongofu huleta malimbuko yake lakini hasomi maneno ya kuyatolea, kwa kuwa hawezi kusema nchi hii Mungu aliwaapia "baba zetu". Anayo haki ya kuleta kikapu, ila sehemu ya ukoo katika sala inampita.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza lakini litakujia ukiendelea kusoma: je, ger hawa walikuwepo kweli? Yonder Gillihan amedai kwamba hawakuwepo. Daraja la nne ni mapambo ya kikatiba, watu waliojiona Israeli wa kweli wakaandika orodha kamili ya Israeli ya Torati, hata sehemu zisizo na mtu. Carmen Palmer anashika upande wa pili: walikuwepo, waliongoka kutoka Mataifa, na Hati ya Dameski iliwapokea kama ndugu kwa sababu iliona ukabila kuwa kitu kinachoweza kubadilika. Hoja ya Gillihan ina nguvu yake. Andiko moja la pango la 4, la 4Q477, ni kumbukumbu ya makaripio dhidi ya wanajumuiya waliotajwa kwa majina, akiwemo Hanania aliyepewa lakabu ya Notos, yenye sauti ya Kigiriki. Hakuna hata mmoja humo anayeitwa ger.

Pamoja na hayo nasimama na Palmer kwa sehemu kubwa, na kinachonivuta ni sheria moja ya safu ya 12. Baada ya kukataza kuwauzia Mataifa wanyama na mavuno, hati inakataza pia kuwauzia mtumwa na mjakazi, "kwa kuwa wameingia pamoja naye katika agano la Ibrahimu". Sheria hiyo si pambo. Inazungumza na mtu mwenye watumwa wa asili ya kigeni nyumbani mwake, mwenye kushawishika kuwauza. Josephus anasema Waesene, kundi la Kiyahudi ambalo wanazuoni wengi hulihusisha na Qumran, hawakuwa na watumwa; watu wa Hati ya Dameski walikuwa nao, nao walikuwa wametahiriwa kwa kufuata Mwanzo 17. Mtumwa wa namna hiyo akiachwa huru anakuwa nani? Kwao hawezi kurudi. Kuhani si yeye, Mlawi si yeye, na ukoo katika Israeli hana. Ukiniuliza ni nani aliyeketi mwishoni mwa kikao kile, wa kwanza ninayemfikiria ni yeye na wanawe, wala si msafiri mwenye elimu aliyekuja kutoka mbali kutafuta hekima.